Fundo Sita za Shanga: historia ya shali moja ya Bwiza

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika. Wengine mmeshaandika juu ya vita, juu ya mpaka wa Gatumba, juu ya kambi tulizopitia. Mimi nitaandika juu ya shali. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mcheke kama bado mnataka.

Shali yenyewe ni ya mama mdogo, mdogo wake mama. Tunaishi naye hapa Bwiza tangu tutoke Uvira. Ni shali ya pembe tatu, rangi ya maziwa, imefumwa kwa sindano mbili, ina matundu kama lesi, na pembeni ina shanga ndogo za kioo. Alhamisi usiku alifika kwenye mishono ya mwisho. Umeme ulikuwa umekatika, nikawa namshikia tochi ya simu. Aliponiambia "sasa kata", nikakata uzi kwa mkasi. Wiki 11 za kazi, basi, zimeisha kwa sauti ndogo ya mkasi.

Nikadhani tutafurahi. Kumbe mama mdogo alikuwa na wasiwasi. Akasema: "Mutoto wangu, mwenye kuiagiza anakuja Jumamosi. Ananiambia atanipa faranga elfu makumi tano. Weye umesoma. Ni bei nzuri ao si nzuri?"

Sikuweza kumjibu. Nimesoma, ndiyo, lakini hakuna darasa walilonifundisha bei ya shali. Ndiyo maana nikaanza kutafuta. Nilianza na shanga, kwa sababu ndizo zilizonichanganya kichwa zaidi.

Shanga zilizokuwa pesa

Ukifuma kitu chenye shanga, njia moja ni kuzitunga zote kwenye uzi kabla ya kuanza, halafu unazisogeza moja moja kila ukifika kwenye mshono wake. Uzito wake ni mwingi, na uzi unachakaa ukizisukuma sana. Kwa hiyo mama mdogo aligawa uzi wa pembeni katika mipira sita midogo, na kila mpira akatunga shanga 200. Alizihesabu ishirini ishirini, mara kumi. Jumla shanga 1,200.

Ishirini, mara kumi. Sasa sikilizeni.

Karibu miaka 150 iliyopita, kule Ujiji, upande wa pili wa ziwa letu hili la Tanganyika, soko lote lilikuwa linatumia shanga kama pesa. Mmisionari Mwingereza aitwaye Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka 1878, aliandika jinsi zilivyohesabiwa: shanga 20 katika uzi mmoja, na nyuzi kumi pamoja zikaitwa fundo. Yaani fundo moja ni shanga 200. Bila kujua, mama mdogo alikuwa ametunga fundo sita za Ujiji.

Shanga hizo za sokoni ziliitwa sofi. Zilikuwa ndefu kidogo, kama vipande vya kiko kilichovunjika. Msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alipofika Ujiji Februari 1874, aliona jambo ambalo sisi wa Bujumbura tutalielewa haraka sana. Soko likianza, kulikuwa na watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Ukija na shanga za aina nyingine, wao wanakubadilishia upate sofi za kununulia samaki au unga. Soko likifungwa, wanazichukua tena sofi kutoka kwa wauzaji. Wanapata faida asubuhi, wanapata faida jioni. Si ndiyo wale wale wabadilisha pesa tunaowajua, wenye kukuita "dola, dola" ukipita mjini? Kazi yao ni ya zamani kuliko mji wenyewe.

Shanga zilitoka wapi? Nyingi zilitengenezwa kwa kioo huko Venice, Italia. Zilipakiwa melini hadi Zanzibar, zikavushwa hadi Bagamoyo, halafu wapagazi wakazibeba vichwani na mabegani, miezi mitatu au zaidi, hadi Tabora na hadi ziwani. Kutoka Ujiji mitumbwi ilizileta kaskazini, pwani hii yetu ya Burundi na ya Uvira.

Mnajua lile jiwe la Mugere, kusini ya mji, ambalo wageni wanapenda kupiga picha? Limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Walipita hapa kwa mtumbwi wakienda kuangalia kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia, kama mtoto yeyote wa Uvira au wa Gatumba angewaambia bure. Lakini mimi nikiliona lile jiwe sasa, nafikiria mizigo yao. Watu wale wakubwa, wenye vitabu na bendera, walikula kila siku kwa sababu ya shanga na vitambaa walivyobeba. Bila hivyo, hakuna muhogo, hakuna samaki, hakuna ruhusa ya kupita.

Nani aliyekuwa na sauti?

Hapa ndipo nilipoanza kuona jibu la swali la mama mdogo.

Tumezoea kusikia hadithi hii hivi: Wazungu na Waarabu walileta vioo vya rangi visivyo na maana, wakawadanganya babu zetu. Kuna ukweli mchungu ndani yake, nitaufikia. Lakini ukisoma walioandika wenyewe, unakuta walikuwa wanahangaika. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwamba kulikuwa na aina kama 400 za shanga zilizokuwa zinatumika katika biashara ile. Mia nne! Na kila sehemu ilikuwa na zake.

Stanley, kabla ya kutoka Zanzibar mwaka 1871, ilibidi aulize na aulize tena anunue zipi. Aliambiwa kwamba shanga nyekundu, sami-sami, watu wa Unyamwezi watazipokea vizuri. Shanga nyeusi zinapokelewa Ugogo, lakini kwingine hazina thamani kabisa. Shanga kubwa kama mayai, zilizoitwa sungomaji, zinakubalika Ujiji na ng'ambo ya ziwa, lakini kwingine hazina mtu. Ukikosea, umebeba mawe. Mpagazi atachoka, na ukifika utalala njaa na mzigo wako mzuri.

Na nani alikuwa anaamua kwamba shanga hii ni nzuri, ile mbaya? Mnunuzi wa kijijini ndiye aliyeamua. Mara nyingi mwanamke. Burton anasema zile nyekundu zilikuwa na majina ya utani: mojawapo lilikuwa na maana ya kumaliza chakula, kwa sababu mtu angetoa hata chakula chake cha jioni azipate. Jingine lilihusu kuharibu mji, eti wanawake walikuwa tayari kujifilisi wao na waume zao kwa ajili yake. Yeye aliandika kwa dharau. Mimi nasoma vingine. Nasoma kwamba mama mmoja wa kijijini, asiyejulikana jina, alikuwa anaweza kuangalia mzigo uliotoka Venice na kusema: "Hapana. Si hii." Na kiwanda kule mbali kikabadilisha rangi.

Nguvu yake ilikuwa moja tu: aliweza kukataa. Alikuwa na muhogo wake, samaki wake, kuku wake. Asipopenda shanga, anabaki na chakula. Mwenye msafara ndiye mwenye njaa.

Sasa ule ukweli mchungu. Shanga hizo na vitambaa hivyo havikununua samaki tu. Vilinunua pia pembe za ndovu, na vilinunua watu. Kutoka Manyema, kutoka pande zetu za Kongo, watu walivushwa ziwa hili wakiwa wamefungwa. Yule aliyekamatwa hakuulizwa anapenda shanga gani. Yeye ndiye alikuwa bei. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba zamani zile zilikuwa nzuri. Naandika tu kwamba kitu kile kile, kwenye soko lile lile, kilimpa mmoja sauti na kikamnyang'anya mwingine hata mwili wake. Tofauti ilikuwa nani anaweza kusema hapana.

Baadaye Wajerumani wakaja. Mwaka 1897 walijenga kituo chao cha kijeshi hapa Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Walileta rupia, na kidogo kidogo sarafu ikachukua nafasi ya shanga. Shanga zikabaki pambo. Ndiyo maana leo unazinunua Cotebu kwenye kimfuko cha plastiki, na hakuna anayekumbuka kwamba ziliwahi kununua ng'ombe.

Sindano ya Usumbura

Shanga zimeeleweka. Na sindano je? Nani alileta kazi hii ya kufuma mpaka kwetu?

Nilimuuliza mama mdogo alifundishwa na nani. Alisema na mama yake. Na mama yake? Na masista, zamani za Wabelgiji. Nadhani wengi wenu mkiuliza nyumbani mtapata jibu kama hilo.

Hapa Bujumbura historia hiyo ina anwani. Wabelgiji walichukua nchi hii kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Mwaka 1946 walifungua Usumbura nyumba ya mafunzo ya wanawake, Foyer Social. Ilifanya kazi mpaka karibu na uhuru. Wanawake wa makatiye ya Waafrika walifundishwa kupika, kushona, kufua, kupiga pasi, kutunza mtoto, na kazi za sindano. Wasimamizi wa Kibelgiji walikuwa wanatembelea hata majumbani kuona kama masomo yanafuatwa. Mjue kwamba Bwiza yetu hii ilikuwa inaitwa Belge wakati ule, na Buyenzi ilikuwa, kama leo, katiye ya Waswahili.

Kusudi la Foyer halikuwa kumpa mwanamke kazi. Kusudi lilikuwa kumfanya mke wa karani: nyumba safi, kitambaa kizuri juu ya meza, mtoto amevaa kisweta. Mwanaume apate mshahara, mwanamke apambe. Ujuzi ulitolewa, na soko halikutolewa. Nisome tena sentensi hiyo taratibu, kwa ajili ya ndugu zetu wa mashirika wanaosoma ukurasa huu: ujuzi ulitolewa, na soko halikutolewa. Ni mwaka 1946 huo. Lakini nani kati yetu hajawahi kupewa cheti cha kushona, mashine ikabaki kwenye mradi?

Na wakati huo huo serikali ile ile ilikuwa na jicho jingine juu ya wanawake. Walioishi mjini bila mume, wajane na walioachika pia, walitozwa kodi yao peke yao. Huko Buyenzi, katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu waliikataa kodi hiyo na kuilalamikia wazi. Uchungu wao haukuwa pesa tu. Kodi ile iliwaweka wote katika kundi moja, kana kwamba mwanamke asiye na mume ni malaya tu. Mjane mwenye heshima zake, mwenye kufunga Ramadhani, anawekwa kwenye orodha hiyo! Wakasema hapana.

Nilipofika hapo nilimsomea mama mdogo. Yeye ni mjane. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Bale bamama balikuwa na nguvu." Akarudi kwenye kazi yake.

Lakini angalieni walichofanya wanawake na ile sindano. Waliofundishwa kupamba nyumba ya mume waliigeuza sindano kuwa mkate. Visweta vya watoto wachanga vinavyouzwa milangoni mwa hospitali, vitambaa vya kroshe kwenye viti vya kila sebule kuanzia Bukavu mpaka Nyanza-Lac: kazi hiyo imelipa ada ya shule ya watu wengi, mimi nikiwamo. Na sindano ina faida moja kwa mtu anayekimbia. Inaingia kwenye kifurushi. Cherehani tuliiacha Uvira. Sindano mbili za mama mdogo zilivuka mpaka ndani ya nguo za mtoto.

Visiwa vya baridi, mwaka ule ule

Bado nilikuwa na deni moja: muundo wa shali. Mama mdogo aliupata kwenye simu ya jirani, akaunakili kwa kalamu kwenye daftari la watoto. Safu tatu za kawaida, safu moja ya matundu, unarudia, na kitambaa kinapinda chenyewe kama mawimbi. Yeye anauita "maji ya ziwa". Nikautafuta, nikakuta una jina: Old Shale, na asili yake ni visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti. Huko ni baridi na upepo, na wanawake wake ni maarufu kwa shali za lesi, nyingine nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa.

Nikafikiri, hawa walikuwa matajiri. Kumbe wapi!

Mwanzoni mwa mwaka 1872, serikali ya Uingereza ilimtuma mchunguzi huko kusikiliza malalamiko. Angalieni tarehe: ni wiki chache tu baada ya Stanley na Livingstone kupita Mugere. Wafumaji wa Shetland walikuja kutoa ushahidi, mmoja baada ya mwingine, na maneno yao yakaandikwa. Walisema kwamba wakipeleka shali kwa mfanyabiashara mjini Lerwick, hawapewi pesa. Wanapewa chai, au kitambaa, au karatasi ya deni ya kuchukulia bidhaa kwenye duka lile lile. Mwanamke anahitaji unga, anahitaji kulipa kodi ya nyumba, na mkononi ana majani ya chai. Inambidi azunguke kwa majirani kubadilisha chai apate chakula.

Niliposoma hivyo nilicheka, halafu sikucheka tena. Mwaka ule ule, Ujiji, mama wa samaki anaweza kukataa shanga za Mzungu. Mwaka ule ule, katika himaya tajiri kuliko zote duniani, mwanamke aliyefuma lesi ya kuvaliwa na mabibi wakubwa hawezi kukataa chai. Hawakupishana kwa akili wala kwa ufundi. Yule wa Shetland alikuwa na mnunuzi mmoja, deni moja, duka moja, na hakuwa na mlango wa pili wa kugonga.

Uchunguzi ule haukumaliza tabia hiyo siku moja. Iliendelea miaka mingi baadaye. Lakini kitu kimoja kilibadilika hapo hapo: hesabu iliandikwa. Wanawake walisema saa ngapi, uzi kiasi gani, wamepewa nini. Mpaka leo tunaweza kusoma. Mfanyabiashara hakuweza tena kusema "wao wameridhika".

Kumaliza

Basi Ijumaa tukamaliza kazi. Wengine wanafikiri mshono wa mwisho ndio mwisho. Sivyo. Shali ya lesi ikitoka kwenye sindano inaonekana kama kitambaa kilichokunjamana, matundu yamejifunga, huwezi hata kuona mawimbi.

Kwanza unaficha ncha za uzi kwa sindano ya kushonea, upande wa nyuma. Halafu unailoweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua, kama nusu saa. Uzi wetu ni sufu, tulioufumua kutoka sweta mbili za caguwa, kwa hiyo maji ya moto sana yangeiharibu, ingeshikana na kusinyaa. Unaitoa kwa mikono miwili chini yake, usiinyanyue kwa ncha moja, maana maji na shanga vitaivuta. Unaikunja ndani ya taulo, unaikanyaga taratibu maji yatoke.

Halafu ndipo kazi inapofunguka. Tulitandika kitenge juu ya godoro, tukailaza shali, tukaanza kuivuta na kuichoma pini, kila ncha ya wimbi pini yake. Mama mdogo alinifukuza na pini zangu za zamani: "Hizi ziko na kutu, zitaacha alama!" Tukaazima nyingine kwa fundi cherehani. Tulianza katikati ya upande mrefu, tukaenda kulia na kushoto, tukamalizia na ncha ya chini. Unavuta kidogo, unatazama, unavuta tena. Matundu yakafunguka moja baada ya jingine. Shanga zikajipanga. Kwa joto la Bujumbura ilikauka kabla ya jioni, na tulipotoa pini ikabaki vile vile, wazi, na mawimbi yake.

Usiku ule nilichukua daftari lile lile la muundo, nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika:

Sweta mbili za caguwa, faranga 14,000. Shanga, faranga 14,000. Jumla ya vifaa, 28,000.

Wiki 11, siku sita kwa wiki, saa mbili kila jioni: saa 132.

Tukiondoa vifaa kwenye zile elfu 50, zinabaki 22,000. Tukigawa kwa saa 132, ni faranga 166 na senti kwa saa. Haifiki hata andazi moja.

Mama mdogo aliangalia hesabu muda mrefu. Nikamuuliza: saa yako moja ungependa iwe bei gani? Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akasema elfu moja. Nikaandika: saa 132 mara 1,000, jumlisha vifaa, ni 160,000.

Jumamosi

Mwenye kuagiza alikuja saa nne asubuhi. Ni dada mmoja mwema, anafanya kazi kwenye shirika, nchi siitaji. Aliikunjua shali mbele ya dirisha, akasema maneno mengi mazuri. Akatoa bahasha.

Mama mdogo hakuichukua. Alimpa daftari. Mimi nilitafsiri.

Dada alisoma, akanyamaza. Akasema kweli hakujua. Alidhani ni kazi ya siku chache, na kwamba mama anafuma "akiwa anapumzika". Akasema pia ukweli mwingine, nao naheshimu: hana 160,000 mwezi huu. Akauliza kama tunaweza kupunguza.

Niliogopa. Ndani hatukuwa na mafuta ya kupikia, na elfu 50 iko pale mezani ndani ya bahasha. Nilimtazama mama mdogo, nikawa tayari kutafsiri "sawa".

Akasema: "Muambie aende na amani. Hii siuzi kwa bei hiyo. Akitaka, nitamufumia ya shingoni, ndogo, bila shanga, kwa elfu makumi tano. Nitaimaliza kwa wiki mbili."

Dada alikubali. Aliacha nusu ya pesa papo hapo, tukanunua mafuta. Shali kubwa ikabaki kwetu.

Jumapili mama mdogo alijifunika nayo, akaenda kwenye harusi ya binti wa jirani. Sijui kama itauzwa. Wanawake wawili walimwuliza bei pale harusini, mmoja akaandika namba ya simu. Lakini nilimwona akitembea barabarani na fundo zake sita za shanga pembeni, jua likizipiga, na nikaelewa kwamba swali la Alhamisi usiku halikuwa la hesabu tu. Alikuwa anauliza kama anaruhusiwa kukataa.

Kwa sisi vijana, ombi langu ni dogo. Leo ukirudi nyumbani, muulize mama, shangazi au dada anayefuma, anayeshona, anayesuka: inakuchukua saa ngapi? Mwandikie kwenye daftari. Uzi bei gani, shanga bei gani, saa bei gani. Usimfanyie hotuba, mwandikie tu.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika: mkiagiza kitu kwa mwanamke mkimbizi, ulizeni saa kabla ya kuuliza bei. Na mkifungua mafunzo mengine ya sindano, fungueni na soko, hata dogo, lenye wanunuzi zaidi ya mmoja.

Wiki ijayo ni zamu ya kaka yetu wa Kinama. Ameahidi kuandika juu ya mitumbwi. Chini hapa niandikieni: nyumbani kwenu, nani alimfundisha nani kufuma?